Mkate wa Kuzuia Mlango

Mke wa kinyozi alipoamua kuoka mikate ya kuuza, mkate wa kwanza aliuharakisha, akautia tanurini kabla haujaumuka. Ulitoka bapa na mzito, kisu kikauogopa. Kuutupa aliona uchungu, maana unga hauokotwi barabarani, basi akauweka sakafuni uzuie mlango wa jiko usijifunge kwa upepo. Mlango ulitii.

Tangu hapo akajifunza subira. Kila asubuhi alikanda, akafunika beseni kwa kitambaa, akaliweka pale pale karibu na mlango, akangoja. Donge likanuna. Akabadili unga, akabadili hamira, akabadili hata nyimbo za kukandia. Wapi! Mumewe alikula kila kilichotoka, taya zikimuuma, akasema ni mtamu. Mume wa namna hiyo humpati kwa kumtafuta.

Wifi yake ndiye aliyechoka. Alikuwa ameyatamani matofali ya lile tanuri kwa banda la kuku wake, akasema wazi kwamba mkate wa Jumamosi usipoumuka, tanuri livunjwe. Mke wa kinyozi alikubali kwa hasira, kisha akajuta, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda.

Jumamosi wifi alidamka kuja kushuhudia aibu. Tanuri lilikuwa limeshawashwa. Akauona mkate wa mlangoni, akaukwapua, akatoka nao kuwaonyesha majirani, akiugonga kwenye kuta zao ili wausikie vizuri. Nyuma yake mlango ukajifunga kwa kishindo. Mwokaji hakuinuka kuufungua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa mikononi, analia.

Alipoinua kichwa, jasho lilikuwa likimtiririka. Jiko lilikuwa na joto ambalo halijawahi kuwa nalo, na kitambaa cha beseni kilikuwa kimeinuka, kama shuka la mtu aliyelala kakunja magoti.

Akalitazama beseni, akautazama mlango, akacheka mpaka akashika ukuta. Siku zote hizo upepo wa baridi ulikuwa ukilipiga donge, na aliyeushikia mlango ni mkate wake mwenyewe. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Wifi aliporudi na majirani waliokuja kuona tanuri likivunjwa, harufu iliwapokea wakiwa bado nje. Mkate ulikuwa mezani, umetuna, mgongo wa kahawia. Wifi akaonja kipande, akaomba kingine, na habari za banda la kuku hazikusikika tena.

Aliyejiponza ni kinyozi. Alitafuna polepole, machozi yakamlengalenga.

"Mke wangu," akasema, "sasa huu ndio mkate."

"Na ile mingine yote?" mkewe akamuuliza.

Kinyozi aliwatazama majirani, hakuna aliyemwokoa. Akajaza mdomo kwa kipande kikubwa kuliko vyote, kisha akaashiria kwa kidole kwamba yeye alilelewa vizuri, haongei na chakula mdomoni.