Beseni la Fundi Viatu

Siku fundi viatu alipozikwa, jenerali alileta shada la maua pana kuliko mlango. Likaingizwa kwa ubavu, kama kabati. Jenerali akahutubia waombolezaji mpaka watu wakaanza kuhamisha uzito mguu huu na huu, na mara tatu akamwita marehemu "ndugu yangu". Alipoondoka, meja wake akabaki na karatasi.

"Pole sana, mama. Tunaomba tu usaini hapa, kwamba kiti cha marehemu kwenye kamati ya raia kiko wazi."

Mjane, aliyeitwa Mama Pacha na mtaa mzima, akaisoma hadi nukta ya mwisho. Tangu jeshi lifanyiwe mageuzi, ghala halikupokea hata kamba bila saini za raia watatu. Wakibaki wawili, jenerali anapokea peke yake. Na ghalani zilisubiri jozi elfu nne za buti za kupelekwa mpakani, ambako jirani alikuwa amepanga mizinga ng'ambo ya mto, na askari wakimsubiri ndani ya mahandaki yenye maji. Pacha wa mjane, wote wawili, walikuwa humo.

"Kiti hakiko wazi, mwanangu," akasema. "Naibu wake ni mimi."

Ilikuwa kweli. Wakati wa kuapishwa, fomu ilimtaka kila mjumbe ataje naibu asiyeshawishika kirahisi. Wenzake walikuna vichwa wiki nzima. Fundi aliandika jina la mkewe hata kabla hajakaa vizuri kitini.

Alhamisi Mama Pacha akafika ghalani na beseni lake la bluu kwapani.

"Bibi, hapa hatufui," akasema mlinzi.

"Usijali. Leo naloweka tu."

Mlinzi akacheka, kisha akampisha. Beseni alilifahamu. Fundi hakuwahi kupitisha buti kwa macho. Alilivaa, akasimama nalo ndani ya beseni la maji nusu saa, akinywa chai ya jeshi na kupiga soga.

Ndani, wajumbe wenzake, mwalimu mstaafu na muuguzi, walikuwa wameshaketi. Meja alikuwa ameweka mezani, mbele ya jenerali, jozi moja, imeng'aa hadi unaweza kujitazama meno. Mama Pacha akaipita kama hajaiona. Akaenda kwenye katoni ya chini kabisa, kama mumewe, akavuta jozi kutoka chini ya nyingine.

"Kubwa kwangu," akasema. "Shemeji, wewe unavaa namba ngapi?"

Jenerali akageuka kutafuta shemeji yake.

"Wewe. Msibani ulisema marehemu ni ndugu yako, mara tatu, nilihesabu. Sasa kazi ya ndugu yako anaimalizia nani?"

"Mama, adui yuko mlangoni, sisi tunacheza na maji!"

"Ndiyo maana nakuharakisha, shemeji. Vua."

Muuguzi akajifanya anakohoa. Askari wa ghala wakakazia macho dari. Jenerali akatazama huku na huku, hakuona pa kutokea. Akavaa, akaingia kwenye beseni lililokwisha kujazwa maji.

Ili asionekane ameshindwa, akaanza kueleza hali ya mpakani: mizinga mingapi, vikosi vingapi, kwa nini kila saa ina thamani. Alieleza vizuri, hata Mama Pacha akasahau chai yake. Dakika ya kumi na mbili, kwa saa ya mwalimu, soli ya kushoto ikaachia, ikaibuka, ikaanza kuelea. Ndani yake kulikuwa na kadibodi.

Jenerali akanyanyua mguu. Kidole gumba kilikuwa kimetoka kwenye tundu la soksi.

"Soksi ni yako binafsi," Mama Pacha akamnong'oneza. "Hiyo siiandiki."

Jenerali hakucheka. Aliiokota soli majini.

"Wangevaa hizi," akasema.

"Wangu wawili wangevaa."

Akaomba kalamu, bado yumo majini, akawa wa kwanza kusaini kuzikataa.

Nyingine zilikuja baada ya siku tisa, na kutoka kila katoni jozi moja ilipita kwenye beseni. Pacha waliandika kwamba miguu yao ni mikavu. Jirani bado yuko ng'ambo ya mto na mizinga yake.

Beseni sasa limepigwa namba ya jeshi, haliruhusiwi kutoka ghalani. Nyumbani Mama Pacha anafulia kwenye ndoo. Inatosha, kwa nguo za mtu mmoja.