Mlango wa Dereva

Mafundi watatu wa Mbarara walikuwa wameshindwa na gari lile kabla mtu hajanikumbuka mimi, mkimbizi wa Juru, kambini Nakivale, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Sisemi kwa kinyongo. Nasema ili ijulikane.

Mwenye gari aliitwa Mutabazi, mfuga ng'ombe aliyejenga Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Gari lenyewe lilikuwa Mustang ya mwaka sitini na tisa, usukani kushoto, silinda nane. Ukiliwasha, kuku wa jirani wanasahau njia ya nyumbani. Mutabazi alitaka kumpeleka binti yake harusini kwa gari hilo. Binti alikuwa amekataa hata kuligusa.

"Mzee, hii gari iko na mtu ndani," Mutabazi akaniambia. "Saa saba ya mchana anagonga. Kila siku. Tunasikia, lakini hatuoni mtu. Nataka unionyeshe ni spea gani haikuzaliwa na hii gari. Hiyo nitatoa."

Nikacheka. Nilinyoosha bodi za magari Uvira miaka ishirini kabla vita havijatuleta huku kulima maharage, na sijawahi kukuta pepo ndani ya bati. Kinachogonga ni bolti iliyolegea. Lakini kazi ya kutafuta spea ngeni naipenda, kwa hiyo nilivua shati nikaanza.

Namba ya injini ililingana na ya bodi. Ya gia boksi vilevile. Kisha zipo tarehe: kila chuma kikubwa hupigwa tarehe yake kiwandani, na tarehe hiyo haiwezi kuwa baada ya siku gari lilipounganishwa, maana mama hazaliwi baada ya mtoto. Nilizisoma moja moja, nikilamba kidole na kufuta grisi. Zote zilikuwa sawa. Nikakwangua rangi hapa na pale. Chini ya nyekundu ya Mutabazi, gari zima lilikuwa bluu.

Ukabaki mlango wa dereva. Kwenye magari haya kibati cha namba hupigiliwa hapo. Hakikuwepo, yalibaki matundu mawili ya ribiti. Nikapitisha msasa chini ya kitasa. Nyekundu, kisha nyeupe. Chini ya nyeupe, kijani.

Nikaweka msasa chini.

Mwanangu Déo alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Uvira, na gari la tajiri lilikuwa la aina hii hii, la kijani. Miaka kumi na mitatu iliyopita alitumwa njia ya Fizi. Hakurudi, na gari halikurudi. Tulikimbia bila kujua lolote, na tulipofika Nakivale mke wangu, Nabintu, aliacha kula. Alikuwa anakwisha huku namwona. Basi nikamdanganya. Nikasema mtu amemwona Déo Kigoma, mzima kabisa, ananunua samaki. Nabintu akala siku hiyo. Uongo ukishaufuga lazima uulishe: mwaka uliofuata Déo akahamia Lusaka, baadaye akaoa, na juzi juzi nilimpa mtoto wa pili. Mke wangu anaishi kwa maneno hayo. Kwa hiyo sikuwa nafanya tena kazi ya Mutabazi. Nilikuwa naomba kijani kile kisiwe chenyewe.

Nilifungua bolti za bawaba, nikaulaza mlango kwenye nyasi, nikang'oa kava la ndani. Chini kabisa niliona mshono wa kuchomelea. Déo aliwahi kugonga geti la tajiri, mlango ukapasuka, nami nikauziba kabla tajiri hajajua. Mimi ni mtu wa mashoto. Mshono wangu hulalia upande ambao wa fundi mwingine haulalii. Huu ulilala upande wangu.

Juu ya mshono palikuwa na matundu manne ya ukubwa wa risasi, yamezibwa upande wa nje kwa pati ya kusawazishia bodi. Ndani kingo zake zilikuwa zimejikunja kuelekea kwangu, usawa wa mbavu za dereva. Nilikaa chini. Niliumia mpaka nikaona aibu kulia mbele ya mtu nisiyemjua, na nikalia.

Ndipo mlango ukagongwa. Jua lilikuwa utosini, mlango uko nyasini peke yake, haukushikana na kitu. Mara tatu, kimya kidogo, mara moja. Déo hakuwa anapiga honi. Akija kula mchana alitoa mkono dirishani akaupiga mlango hivyo hivyo, ili mama yake apakue. Niliweka kiganja juu ya bati. Ukagongwa tena, na mara hii niliusikia ngozini, kutoka upande wa chini.

Mutabazi alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye migomba. "Ni hiyo?"

"Ni huu, Patron. Uniachie niende nao."

"Beba, sebo. Beba leo."

Niliupakia kwenye pikapu iliyokuwa ikipitia Isingiro. Nilifika Juru jioni, nikauficha nyuma ya jiko chini ya turubai, na uongo wangu ukiwa tayari: ni bati la banda la kuku. Sikulala. Nilijiuliza kama nitamuua mwanangu kwa mama yake, au nitampa mtoto wa tatu.

Kesho yake sikwenda shambani. Mchana Nabintu alipakua ugali na maharage, akakaa mbele yangu.

"Baba Déo, ile mulango uliyoficha, ni ya ile gari ya kijani?"

Kuku wangu wa uongo walifia mdomoni. "Ni yake."

"Iko na matundu?"

"Iko. Matundu ine." Kisha nikasema yote, Kigoma, Lusaka, wajukuu. "Mama Déo, nilikudanganya miaka hii yote."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini ulikuwa unafurahi mingi ukinielezea. Nikaona nikikataa kukula, ni wewe utakufa."

Pakagongwa. Mara tatu, kimya, mara moja. Niligeuka upande wa jiko, uliko ule mlango wa gari.

"Hapana kule," Nabintu akasema. Alikuwa akitazama mlango wa nyumba yetu. "Ni hapa. Kila siku, hii saa, wewe ukiwa mu shamba. Namufunguliaka, namuambiaka aingie. Haingiaka. Anasimamaka tu pale inje. Anangojaka baba yake aseme kwamba amekufa."

Nikaweka sahani chini. Nikaenda mpaka mlangoni, nikamwita kwa jina lake, nikavuta komeo ili nimwambie.