Rambirambi kwa Mama Mdogo

"Usinipandishie sauti dukani kwangu, Pamela. Nimetuma mapema kuliko wote. Sasa umekuja kunidai nini?"

"Sijaja kudai, dada. Nimekuja kukwambia umemtumia nani."

Pamela alisimama mlangoni na khanga yake ya msiba kiunoni, bodaboda ikimsubiri nje. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri, nyumbani Mfaranyaki. Kunegunda, mwenye duka, alimwita mama mdogo, lakini ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki naye bado hajaota meno.

Kunegunda hakumwacha aendelee. Alisema anasubiri mzigo wa mchele, dukani yuko peke yake, na kesho atakwenda kanisani kwenye mazishi kama watu wengine. Siku hizi kila mtu anatuma, akaongeza. Msiba unahitaji hela kuliko unavyohitaji makalio ya watu mkekani.

Pamela alitoa simu ndogo ya batani, iliyokazwa kwa mpira ili betri isidondoke. Kunegunda aliitambua. Aliinunua mwenyewe.

"Umemtumia mama," Pamela alisema. "Umemtumia marehemu rambirambi ya msiba wake."

Kunegunda alifungua simu yake, akasoma. Jina lilikuwa pale. Lilikuwa limejitokeza hata kabla hajaweka namba ya siri, naye akalipitisha, kwa sababu ndilo lililojitokeza kila mwezi kwa miaka. Taarifa ya kifo ilipomfikia, kidole kilikwenda kilikozoea.

Pamela alieleza mengine bila kumtazama. Simu ilikuwa juu ya kitanda, karibu na mwili, maana ndiyo yenye namba za ndugu wote. Ililia katikati ya rozari. Mjukuu akausoma ujumbe kwa sauti. Shangazi mmoja akacheka, kisha akaficha uso kwenye khanga.

"Wamechemsha maji," Pamela alisema. "Wanasema hawamwoshi mpaka mtoto wake wa kwanza ashike maji. Mimi ni wa pili. Nimewaambia uko njiani. Nimesema uongo mbele ya maiti, dada, kwa ajili yako."

Kila Kunegunda alipotuma hela za matumizi, mama mdogo alipiga simu kushukuru, na kila mara alimalizia kwa kusema, uje basi nikuone. Naye aliitikia, nitakuja, huku akimpimia mteja sukari. Bombambili, lilipo duka lake, na Mfaranyaki ni mitaa ya mji mmoja. Lililomchoma zaidi ni kwamba alikuwa akijivunia. Aliwahi kuwaambia wanawake wenzake wa jumuiya kwamba yeye hajamsahau mama yake hata mwezi mmoja.

Mteja aliingia akiulizia mafuta ya kupikia. Kunegunda alimwambia duka limefungwa, akamtoa nje, akapiga kufuli. Mwenye mzigo alimpigia simu wakati akipanda bodaboda nyuma ya Pamela. Akamwambia arudi nao.

Uani kwa mama mdogo wanawake waligeuka alipoingia. Hakuna aliyemsuta. Shangazi yule alisogea tu, akampisha njia mpaka kwenye ndoo.

Kunegunda alivua viatu, akakunja mikono ya gauni, akatumbukiza mkono. Maji yalikuwa yamepoa kabisa. Akainua ndoo, akairudisha jikoni, akapiga magoti majivuni na kuanza kupuliza moto.