Mama Yake ni Glavu

Katika ndoto yangu ya usiku wa jana, korongo alibisha hodi kwetu. Kichwani alikuwa na taji lake la manyoya ya dhahabu, miguuni malapa.

"Wewe ndiye Nafuna, yule mhitimu wa masomo ya wanyamapori anayetafuta kazi?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Sikai sana. Nilipokuwa kifaranga, mlezi wangu aliniambia 'pole' mara moja tu. Tangu hapo nafuata watu. Walinipeleka bwawani nikaishi na wenzangu, nikarudi. Kule hakuna viti." Akafuta jicho kwa bawa. "Kuna kifaranga anaanguliwa sasa hivi. Niahidi hatasikia sauti yako."

Nikaahidi. Sebule yetu ikawa bustani ya wanyama, upande wa nyuma, ule ambao wageni hawauoni. Ndani ya mashine ya kuangulia, mayai yaliyookotwa kwenye viota vilivyotelekezwa yalikuwa yakilalamikia joto.

Mlangoni alisimama Bi Kageha, mlezi mkuu.

"Humu hauingii uso wa mtu," alisema. "Vua, utundike hapo."

Nikauvua uso wangu, nikautundika msumarini pamoja na nyuso za wafanyakazi wengine. Akanivika joho la kijivu na glavu yenye kichwa cha korongo.

"Mkono wako ndio mama yake. Wewe mwenyewe hupo, mwanangu."

Kifaranga anatoka kwenye yai. Anaitazama glavu, anaipenda papo hapo.

Ninamkamatia panzi. Ninamfundisha kudonoa. Ninainama siku nzima hadi kiuno kinakataa. Yeye analala ameegemeza shavu kwenye glavu. Wivu unanipanda hadi kwenye masikio niliyoyaacha msumarini.

"Usinune, shoga," glavu inasema kwa kikorongo, maana yenyewe inaruhusiwa. "Kuna wa kupendwa na kuna wa kubeba."

Ninaijibu moyoni kwamba panzi nimewakamata mimi.

"Najua. Lakini anayependwa ni mimi."

Ukuta unakuwa bwawa lenye mafunjo. Kifaranga sasa ananizidi kimo. Ng'ambo, kundi la korongo linamngoja. Anapiga hatua mbili majini, kisha anarudi, anasugua shingo yake kwenye glavu.

"Asante, mama," anaiambia.

Bi Kageha ametugeuzia mgongo.

"Haya, mtajie jina lako," glavu inaninong'oneza. "Mara moja tu. Baada ya leo hutamwona tena."

Jina linanijaa kooni kama kiazi cha moto. Namfikiria yule mgeni wangu akizunguka bwawani, akitafuta pa kukaa. Nalimeza jina langu. Glavu inapunga kwaheri, nami ndani yake ndiye ninayepunga. Kifaranga anaruka.

Nilipofumbua macho, dada yangu Ayuma alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"Unalala umeinua mkono kama unasimamisha gari," alisema. "Halafu hilo tope umelitoa wapi?"

Nikatazama. Chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na tope jeusi, bado bichi. Juu ya paa letu korongo walikuwa wakipita, wakilia.

"Si unijibu? Uliota nini?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini nilikuwa nimeahidi. Nikanyamaza, naye akaondoka amekasirika. Nikaendelea kunyamaza hadi mlio wa mwisho ulipopotea.