Yakosa

Nilipotoka msikitini Ijumaa ile, pikipiki ya Efraimu haikuwepo. Spana yangu namba kumi ilikuwa imelala chini, palepale nilipoiacha.

"Mteja wangu yuko wapi?" nilimuuliza Marta, mama anayeuza chai mlangoni pa gereji yangu.

"Ameshaondoka, fundi. Kasema nikuambie natotela sana, yaani ahsante sana. Mkewe katoka sokoni anamharakisha, wanakwenda kwa wazazi wa mke, Nanyala."

"Ameondokaje na kazi haijaisha? Mwenyewe kaniambia ina kosa."

Ilikuwa hivi. Efraimu alikuja asubuhi kutoka Kasama, ng'ambo ya mpaka, na dude kubwa la safari, lile lenye kava pana la mbele na kioo cha kukinga upepo. Alikuwa ameliangusha kwenye foleni ya malori mpakani, kava likahamia kushoto, akikata kona usukani unaligonga. Nilinyoosha breketi, nikaongeza washa mbili, nikakaza nati nne. Likakaa sawa kabisa, na mimi nikajiona fundi kweli. Efraimu akalishika kwa mikono miwili, akalitikisa, akasema, "Yakosa." Akaenda zake kunywa chai.

Mimi ni mtu wa Kondoa, na Tunduma nilikuwa na miezi miwili tu. Nilichukia. Kosa liko wapi hapo? Huyu naye anajifanya anajua kuliko fundi. Basi, kwa hasira zangu, nikalegeza nati zote nne nilitafute hilo kosa lake, na adhana ikanikuta hapo. Nikazirudishia kwa vidole tu zisipotee, nikaenda kuswali.

"Hebu, alisemaje hasa?" Marta aliuliza.

"Yakosa."

Marta akaweka birika chini. "Fundi, hicho ni Kibemba. Yakosa maana yake imekaza, iko imara. Alikuwa anakusifu."

Sikufunga gereji. Nilitia spana na nati za akiba mfukoni, nikapanda pikipiki yangu ya Kichina, nikashika barabara ya Mbeya roho mkononi. Niliogopa, sifichi. Nati zikitoka, kava linadondokea usukani, na usukani ukigoma kwenye kona kuna malori ya mafuta yanakuja mbele. Na nyuma yake kakaa mke wa watu. Kila nilipoona majani yamekatwa na kuwekwa barabarani kuonya kwamba mbele kuna gari bovu, moyo ulinipaa. Nilipita Mpemba, nikapita Vwawa, pikipiki inalia na mimi naiomba iongeze mwendo.

Kwenye mteremko wa baada ya Vwawa niliona watu kando ya lami. Nikasogea polepole, kwa sababu sikutaka kufika.

Walikuwa wazima. Efraimu alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki, kava limelala upande. Mkewe, Ferista, alikaa kwenye majani ameshika kofia ngumu mapajani, mikono inamtetemeka.

"Fundi, nati mbili zaanguka," Efraimu alisema, wala hakukasirika.

"Ni hii barabara yetu," Ferista alisema. "Matuta mpaka yanang'oa vyuma."

Nilikuwa na njia ya kuponea hapo. Barabara haina mdomo. Lakini niliitazama mikono ya yule mama, nikashindwa.

"Siyo barabara, dada. Nati nililegeza mimi. Mumeo alisema yakosa, nikadhani ananitafutia kosa. Nikaziacha hivyo nikaenda kuswali. Nisameheni."

Efraimu aliduwaa, akaangua kicheko. Ferista hakucheka. Alisubiri nikalinyoosha kava, nikaweka nati mpya, nikakaza zote nne mpaka vidole vikauma. Kisha akasimama, akanivalisha ile kofia ngumu kichwani mwenyewe.

"Utapanda wewe kwanza, kaka fundi. Mimi nitabaki hapa na spana yako."

Nilipanda. Efraimu aliteremka mlima kwa kasi, akaingia kona pikipiki imelala kabisa, lori likatupita kwa honi. Nilifumba macho nikawa nalisikiliza lile kava tu. Halikugonga popote.

Tuliporudi nilishuka, nikavua kofia nikamrudishia Ferista. Alinitazama usoni.

"Enhe?"

"Yakosa," nilisema.

Akanirudishia spana.