Shavu la Shemeji

Dada yangu ni daktari wa meno, na mume wangu ni mtangazaji wa redio. Mashemeji hao wakikutana mezani kwangu, hakuna anayekula kwa amani. Mume wangu humwita dada "Mng'oaji", naye hujibiwa "Mdomo wa Kukodi". Kwa hiyo shavu la kushoto la mume wangu lilipoanza kujaa, dada alipata pa kuanzia.

"Shemeji, ndoa imekukubali, ila upande mmoja tu."

Nilicheka kuliko wote. Leo natamani ningekimeza kicheko kile.

Shavu halikuwa likimuuma, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka kesho. Lingemuuma, nyumba nzima tusingelala, maana huyu bwana mafua tu humfanya atoe wosia. Mwaka ulipita tukitaniana, hadi jino moja likaanza kucheza akiwa hewani anasoma habari. Ndipo akaenda kwa dada kliniki, nami nikamsindikiza.

Dada aliibandika picha ya taya kwenye ubao wa taa. Kivuli cheusi kilianzia kwenye jino la mwisho, kikasogea mbele ndani ya mfupa.

"Hiki ni kifuko cha maji," alisema, "ila viko vya aina aina. Kuna kinachoota kwenye mzizi wa jino lililokufa. Hicho sicho, meno yake yote nimeyagusisha baridi na yameshtuka. Kuna kinachokumbatia jino lililogoma kutoka. Unaliona hili lililolala? Kama ni hicho, nitavitoa vyote viwili, yaishe."

"Na kama sicho?" nikamuuliza.

"Kuna kingine hutambaa kimya kimya, kinakula mfupa. Ukikitoa, hurudi."

Alikata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara. Sisi tukabaki kuliombea jino lililogoma.

Majibu yalipotoka, dada aliyaleta nyumbani mwenyewe.

"Karibu, Mng'oaji," mume wangu akamwambia.

"Asante. Habari za kazi, kaka?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kaka. Mume wangu alizima redio.

"Ni hicho kinachotambaa," alisema, wala hakuwa akiuliza.

"Ndicho. Mfupa umebaki mwembamba mno, kipande cha taya itabidi kiondolewe. Mwaka jana ningekikwangua tu, nikawa nakuchungulia mara kwa mara."

"Na kazi yangu?"

"Sauti itabaki. Maneno ndiyo sijui yatatokaje."

Nilitaka kumpasha dada. Daktari mzima, shavu lilikuwa mbele ya macho yake kila Jumapili, analitania. Lakini mimi ndiye niliyelala kando ya shavu hilo kila siku.

Mume wangu akamgeukia dada.

"Usiniite kaka, unaniogopesha. Hebu nitanie kidogo."

Dada alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Mume wangu alimsubiri, ameshaanza kutabasamu kwa upande ule mzima, lakini dada aliikunja tu karatasi ya majibu.