Udongo Mwekundu wa Yakini

Ilikuwako nchi iitwayo Tuhumani, iliyokaa bondeni chini ya ziwa, na kati ya ziwa na roho za watu ulisimama ukuta wa udongo tu. Nusu ya ukuta ilikuwa amana ya ukoo wa Wateule, wenye udongo mwekundu. Nusu ya pili ilikuwa amana ya Wastahili, wenye udongo mweusi. Desturi yao ilikuwa hii: kila Mteule aliyeshika jembe alisimamiwa na Mstahili aliyekunja mikono, na kila Mstahili vivyo hivyo, asije mtu akatoa jasho haba akanufaika sawa na mwenziwe. Basi nusu ya nchi ilichimba na nusu ikachungulia, na uvivu huo ukapewa jina la hadhari.

Yakini, mjane wa Kiteule, alikuwa na nyumba na konde la mpunga chini kabisa ya upande wa Wastahili. Asubuhi moja aliona ufa ukutani unatoa maji. Aliwaendea Wastahili, wakamwuliza katumwa na nani kuwachosha. Aliwaendea Wateule wenziwe. Wakamwuliza kahongwa nini. Hofu ikamshika maskini, akajitwika kapu, akauziba ufa kwa udongo wa kwao.

Wekundu ule katikati ya weusi ulimsaliti. Alishtakiwa mbele ya Kadhi Wasiwasi, Wastahili wakidai kwamba ametia alama ya kuja kuunyakua ukuta, Wateule wakidai kwamba ametapanya mali ya ukoo bila idhini.

"Bi Yakini," alisema kadhi, "ulikuwa ukimtumikia nani?"

"Wanangu, Bwana Kadhi, na mpunga wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami sina nguvu za kujenga ukuta."

"Hakuna atendaye jema upande usio wake bila ya hila," alisema kadhi. Akahukumu udongo ule utolewe. Na kwa kuwa kila ukoo ulihofu mwingine usiibe hata chembe, akaamuru wautoe kwa pamoja.

Yakini aliwachukua wanawe akapanda kilimani, moyo ukimwuma. Kutoka kule aliona ajabu ambayo Tuhumani haikupata kuiona: Wateule na Wastahili bega kwa bega, hakuna aliyekunja mikono, wakipokezana makapu kwa nyimbo. Alilia kwa uchungu, maana sasa alijua kwamba siku zote waliweza. Kapu la mwisho lilipotoka walipeana mikono ya pongezi, na maji yakawakuta wameshikana hivyo hivyo.